Uhifadhi wa Ziwa Naivasha na beseni lake

Uhifadhi wa Ziwa Naivasha ni juhudi za wakulima, wavuvi, wafugaji, makampuni ya maua, vyama vya wakazi na serikali za kulinda Ziwa Naivasha pamoja na beseni lake, yaani eneo lote ambalo maji yake ya mvua huelekea ziwani. Ziwa hilo liko katika Bonde la Ufa nchini Kenya, kwenye kaunti ya Nakuru, upande wa kaskazini-magharibi wa Nairobi. Sehemu kubwa ya maji yake, hata hivyo, hutoka katika kaunti jirani ya Nyandarua. Kwa sababu hiyo historia ya uhifadhi wake ni pia historia ya uhusiano kati ya watu wa chini, wanaotumia maji ya ziwa, na watu wa juu, wanaolima kwenye miteremko yanakotoka maji hayo.

Jiografia

Ziwa Naivasha liko kwenye kimo cha takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Jina lake limetokana na neno la Kimaasai Nai'posha, linalohusu maji yanayochafuka kwa mawimbi. Upepo wa alasiri huwa mkali ziwani. Eneo lake hutajwa mara nyingi kuwa karibu kilomita za mraba 140, lakini hubadilika sana kati ya miaka ya mvua na miaka ya ukame. Kina chake cha wastani ni mita chache tu. Maana yake ni kwamba maji yakishuka kidogo, ufuko husogea mbali, na yakipanda kidogo, mashamba na nyumba hufunikwa.

Ziwa halina mto unaotoka. Maziwa mengi ya aina hiyo katika Bonde la Ufa, kama vile Nakuru na Elementaita, yana maji ya magadi. Naivasha limebaki na maji baridi kwa sababu sehemu ya maji yake hupenya chini ya ardhi na kuondoka na chumvi.

Mvua inayonyesha kando ya ziwa ni takriban milimita 650 kwa mwaka, na maji yanayopotea kwa kugeuka mvuke ni zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho. Kwa hiyo ziwa lisingekuwapo bila mito. Mto Malewa, unaoanzia kwenye milima ya Nyandarua (Aberdare) na kupokea tawimto la Turasha, huleta sehemu kubwa kabisa ya maji hayo. Mto Gilgil hufuata kwa ukubwa, nao Mto Karati hutiririka nyakati za mvua tu. Beseni lote lina eneo la takriban kilomita za mraba 3,400.

Mahali mito inapoingia ziwani palikuwa na kinamasi kikubwa cha mafunjo. Mafunjo hupunguza mwendo wa maji, hukamata tope na kutumia sehemu ya mbolea iliyosombwa kutoka mashambani. Pia ni mahali pa samaki kuzalia na ndege kujificha.

Matatizo ya mazingira

Kilimo cha maua na mboga za kuuzwa nje kilianza kando ya ziwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na kukua haraka katika miaka ya 1980 na 1990. Mashamba hayo hutumia maji ya ziwa, ya mito na ya visima. Yalileta ajira kwa maelfu ya watu kutoka pande zote za Kenya, na mji wa Naivasha ukapanuka pamoja na mitaa kama Karagita na Kihoto. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 350,000 katika kaunti ndogo ya Naivasha. Majitaka ya makazi hayo ni tatizo kubwa, kwa kuwa nyumba nyingi hazijaunganishwa na mabomba ya majitaka.

Upande wa juu, mashamba makubwa ya walowezi wa Kizungu kwenye uwanda wa Kinangop yaligawanywa kwa wakulima wadogo baada ya uhuru wa mwaka 1963. Familia nyingi hulima viazi, kabichi na njegere na kufuga ng'ombe wa maziwa. Ardhi ilipozidi kugawanywa, kilimo kilifika kwenye miteremko mikali na kando kabisa ya mito. Mvua ikinyesha juu ya shamba lililolimwa bila matuta, udongo wenye rutuba husombwa hadi mtoni. Mkulima hupoteza mavuno, na ziwa hupokea tope na mbolea. Tatizo hilo moja lina hasara pande mbili, na juhudi zilizofanikiwa zaidi ni zile zilizolishughulikia kwa pande zote mbili.

Viumbe vya kigeni navyo vimebadilisha ziwa. Samaki Micropterus salmoides aliletwa kutoka Marekani kuanzia mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Kamba wa maji baridi Procambarus clarkii waliletwa mwaka 1970, wakala mimea mingi iliyoota ndani ya maji. Gugu maji lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980.

Chama cha wakazi wa kando ya ziwa

Wenye mashamba yanayopakana na ziwa waliunda chama chao wakati wa ukoloni, karibu mwaka 1930. Lengo la mwanzo halikuwa uhifadhi bali ugomvi wa mipaka: maji yanaposhuka, ardhi inayoachwa wazi ni ya nani? Makubaliano na serikali yaliwaruhusu kuitumia ardhi hiyo kwa sharti la kutojenga majengo ya kudumu.

Katika miaka ya 1990 chama kilianza kushughulikia afya ya ziwa lote. Mwaka 1995 Naivasha liliandikishwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, likiwa la pili nchini Kenya baada ya Ziwa Nakuru. Mwaka 1999 chama kilipewa Tuzo ya Ramsar ya Uhifadhi wa Ardhioevu kwa kazi yake ya kuandaa mpango wa usimamizi wa ziwa.

Mpango huo ulitangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali mwaka 2004, lakini ulipingwa mahakamani na watu waliodai kuwa hawakushirikishwa. Kiini cha malalamiko kilieleweka: chama kilikuwa cha wenye ardhi, ilhali ziwa hutumiwa pia na wavuvi, vibarua na wafugaji wa Kimaasai wanaohitaji njia za kufikisha mifugo majini. Njia nyingi za aina hiyo zilikuwa zimezibwa na ua wa mashamba na hoteli.

Uvuvi na doria

Uvuvi wa kibiashara ulipungua sana mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2001 serikali ililifunga ziwa kwa wavuvi kwa muda wa mwaka mmoja. Mpiga filamu za wanyama Joan Root, aliyeishi kando ya ziwa, alikuwa miongoni mwa waliogharimia kikosi cha wenyeji kilichopiga doria dhidi ya nyavu haramu. Baadhi ya wanakikosi walikuwa wenyewe wavuvi haramu hapo awali. Kazi hiyo ilizua chuki kwa watu walioona riziki yao imekatwa. Root aliuawa kwa kupigwa risasi nyumbani kwake Januari 2006.

Baadaye wavuvi walipewa nafasi rasmi kupitia vikundi vya usimamizi wa fuo (BMU), vilivyowekewa kanuni za kitaifa mwaka 2007. Vikundi hivyo huorodhesha wavuvi na mashua, hukagua nyavu na kushirikiana na maafisa wa uvuvi.

Vyama vya watumiaji wa maji

Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilileta mabadiliko makubwa. Iliruhusu watumiaji wa mto au ziwa moja kuunda chama kinachoshirikiana na mamlaka ya serikali katika kugawa na kulinda maji. Vyama hivyo hujulikana kwa kifupi kama WRUA. Katika beseni la Naivasha viliundwa 12, kimoja kikiwa cha ziwa lenyewe na vingine vya sehemu za mito ya Malewa, Turasha, Wanjohi, Gilgil na Karati. Kwa mara ya kwanza mkulima wa viazi wa Kinangop na mwenye shamba la waridi kando ya ziwa walitambuliwa na sheria ileile kama watumiaji wa maji yaleyale.

Kazi za WRUA ni pamoja na kuhesabu mashine za kuvuta maji, kutoa maoni juu ya maombi ya vibali, kupima kina cha mito, kupanda miti ya kienyeji kandokando yake na kusuluhisha ugomvi wakati wa kiangazi.

Ukame wa mwaka 2009 ulidhihirisha umuhimu wa kazi hizo. Maji ya ziwa yalishuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi, na mwanzoni mwa 2010, mvua ziliporudi, samaki wengi walikufa. Baada ya hapo uliandaliwa mpango wa ugawaji wa maji unaofuata kina cha ziwa. Ziwa likiwa katika hali nzuri, watumiaji huvuta kiasi kilichoandikwa katika vibali vyao. Likishuka, matumizi hupunguzwa kwa hatua, na matumizi ya nyumbani hupewa kipaumbele. Mwaka 2011 serikali iliunda bodi ya Imarisha Naivasha ili kuunganisha kazi za wadau wote wa beseni.

Malipo kwa wakulima wa juu

Mpango uliovuta macho ya watu wengi ulianzishwa na mashirika ya WWF na CARE pamoja na WRUA za Wanjohi na Turasha ya juu. Wazo lake ni jepesi: watumiaji wa maji walioko chini huchangia fedha, na wakulima wa juu hulipwa wakitunza udongo. Malipo ya kwanza yalitolewa mwaka 2010, kwa njia ya vocha za kununulia mbegu na pembejeo nyingine.

Mkulima aliyejiunga alitakiwa kufanya mambo kama haya:
- kuacha ukanda usiolimwa kando ya mto;
- kupanda mistari ya nyasi kwa kukingama mteremko, ili zizuie udongo;
- kupanda miti ya matunda na ya kienyeji;
- kupunguza mbolea na dawa za wadudu.

Thamani ya vocha ilikuwa ndogo, takriban dola 17 za Marekani kwa mwaka kwa kila mkulima. Faida kubwa zaidi ilikuwa shambani penyewe. Nyasi zilizopandwa kuzuia udongo zilikatwa na kulishwa ng'ombe, na udongo uliobaki ulizaa viazi. Udhaifu wa mpango ulikuwa upande wa fedha: uchangiaji ulikuwa wa hiari, hivyo watumiaji wengi walifaidika bila kutoa chochote.

Katika uwanda huohuo, kikundi cha wenyeji kiitwacho Marafiki wa Uwanda wa Kinangop hushughulikia uhifadhi wa mbuga za nyasi, ambazo ni makao ya ndege Macronyx sharpei asiyepatikana nje ya Kenya.

Mafuriko na maswali ya sasa

Tangu mwaka 2010 maji ya ziwa yamepanda, kama ilivyotokea kwa maziwa mengine ya Bonde la Ufa nchini Kenya. Mwaka 2020 yaliingia katika mtaa wa Kihoto na kuwahamisha wakazi wengi. Mvua nyingi zilichangia sana. Swali la kale la chama cha wenye ardhi limerudi kwa sura nyingine: je, nani alipaswa kuruhusiwa kuishi kwenye ardhi ambayo ziwa limewahi kuifunika? Walioumia zaidi ni wapangaji wa kipato cha chini, ambao hawakuwa na sauti katika kugawa viwanja.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na inaiagiza serikali kuhimiza ushiriki wa wananchi katika kuyalinda. Mfano wa Naivasha unaonyesha pande mbili za agizo hilo. Mpango ulioandaliwa na wachache ulikwama mahakamani hata baada ya kupata tuzo. Mstari wa nyasi katika shamba la Wanjohi, kwa upande mwingine, unaendelea kutunzwa na mkulima kwa sababu ng'ombe wake wanaula.