Nani Aruhusiwe Kushika Upinde wa Mtambo?

Upinde wa mtambo haumtaki mtu awe bingwa. Umelazwa juu ya gogo lenye kitako kama cha bunduki. Askari wa zamani alitia mguu kwenye kikuku chake cha chuma, akavuta kamba mpaka ikanasa, akapachika mshale mfupi mnene, akalenga, akafyatua. Upinde mrefu wa Waingereza ulitaka mazoezi tangu utotoni. Huu ulieleweka kwa muda mfupi, na ulimwangusha hata bwana aliyevaa deraya. Hofu ya watawala ilianzia hapo.

Mwaka 1139, Mtaguso wa Pili wa Laterano, chini ya Papa Innocent II, ulikataza silaha hiyo isielekezwe kwa Wakristo. Katazo liliishia kwenye maandishi. Wafalme waliendelea kuwaajiri wapigaji wake, akiwemo Richard I wa Uingereza, ambaye mwaka 1199 alipigwa mshale wa upinde huohuo akiizingira ngome ya Châlus, Ufaransa. Jeraha likaoza, akafa. Mwaka 1215 mabwana walimbana mdogo wake, Mfalme John, hadi akaahidi katika mkataba wa Magna Carta kuwaondoa nchini wapiga upinde wa kigeni.

Mfalme Henry VIII wa Uingereza alitazama mfuko. Sheria yake ya 1541 ilimnyima upinde wa mtambo, na bunduki ya mkono pia, yeyote asiyekuwa na pato la pauni 100 kwa mwaka, fedha ambazo mkulima wa kawaida hakuziota. Makabwela walitakiwa wabaki na upinde mrefu, wasije wakausahau siku ya vita.

Sheria ya sasa ya Uingereza hutazama umri. Ile ya 1987 iliweka miaka 17, na mwaka 2007 ikapanda hadi 18, kwa upinde ambao kuuvuta kunataka nguvu ya kilo 1.4 au zaidi. Kuwinda nao ni kosa tangu 1981. Leseni, hata hivyo, haikudaiwa. Siku ya Krismasi 2021 kijana mmoja alikamatwa nao kwenye viwanja vya kasri la Windsor, akisema amekuja kumuua Malkia wa wakati huo. Julai 2024, mjini Bushey, dada wawili waliuawa kwa upinde wa mtambo, na mama yao kwa kisu.

Kila zama imekuwa na swali lake: dini ya anayelengwa, nchi ya mpigaji, pato lake, umri wake. Akili na mwenendo wake, mambo ambayo polisi wa Uingereza huyachunguza kabla ya kumpa mtu kibali cha bunduki, sheria ya 1987 haikuyauliza.