Mali bila Daftari

Wengi wetu tuishio Brussels tunaikumbuka Aprili ya mwaka 2020. Mikahawa ilikuwa imefungwa, na Ubelgiji ikabaki na ziada ya viazi ipatayo tani 750,000. Wafanyabiashara wa viazi wakatuomba tule chipsi mara mbili kwa juma. Tulicheka, kisha tukala.

Mwezi Juni mwaka huo Umoja wa Ulaya uliziruhusu nchi wanachama kutumia sehemu ya mfuko wa maendeleo ya vijijini kuwasaidia walioathiriwa na korona: hadi euro 7,000 kwa mkulima, na hadi euro 50,000 kwa biashara ndogo au ya kati ya mazao. Fedha zenyewe si nyingi kwa bei za huku. Lililotugusa ni kwamba njia ya kuzifikisha ilikuwapo. Sera ya pamoja ya kilimo ilianza mwaka 1962, na kwa miaka mingi ya ruzuku mashamba yamepimwa na kuandikwa: nani analima, wapi, eneo gani. Maafa yalipokuja, daftari lilikuwa tayari.

Kwetu tuna historia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1880 sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, iliingia upande wa Eritrea ikateremka kusini. Ilipofika Umasaini, mnamo 1891, iliua sehemu kubwa mno ya mifugo, zikafuata njaa na ndui. Hakuna aliyelipwa fidia hata ya ndama mmoja. Baadaye, kwa mikataba ya 1904 na 1911, Waingereza waliwahamisha Wamasai kutoka malisho yao bora ili kuwapisha walowezi. Ng'ombe walitangulia, ardhi ikafuata.

Sotoka hiyo hiyo ilifika Antwerp mwaka 1920, pamoja na ng'ombe kutoka India waliokuwa njiani kwenda Brazil. Ulaya ilishtuka. Mwaka 1924 nchi 28 zilitia saini mkataba Paris kuunda ofisi ya kimataifa ya kupashana habari za magonjwa ya mifugo. Hapo tena, jibu lilianza na daftari.

Turudi kwenye korona. Mei 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza shilingi bilioni 3 za pembejeo kwa vocha za kielektroniki, zikilenga wakulima wadogo 200,000. Ilikuwa hatua njema, lakini wakulima wadogo wa Kenya ni mamilioni. Na vocha haimfikii mtu asiyeandikwa. Kwa wazazi wetu wengi, ruzuku ya mwaka ule ilikuwa sisi: euro hamsini leo, mia mwezi ujao, nasi wenyewe kazi zimesimama.

Tangu wakati huo Tanzania na Kenya zimefungamanisha mbolea ya ruzuku na uandikishaji wa wakulima. Basi tukipiga simu nyumbani, baada ya salamu na habari za mvua, tuulize: Mama, umeandikishwa? Kwa jina la nani? Mashamba mengi bado yanaitwa ya babu aliyekwisha kufariki, ilhali jembe analishika mama.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wamasai wa 1891 hawakuwa na wa kuwaandika. Wazazi wetu wanao, maana sisi tumesoma.