Mwanahistoria Aliyetoka Studio
Juzuu tatu za Erik Barnouw kuhusu historia ya utangazaji Marekani, zilizotoka kati ya 1966 na 1970, zina nguvu kwa sababu mwenyewe aliwahi kuandika na kuongoza vipindi vya redio. Wapo watakaosema mtu wa ndani huwapendelea wenzake. Hoja hiyo ina uzito, ila vipindi vingi vya zamani vilirushwa moja kwa moja bila kurekodiwa. Anayengoja sauti zenyewe ziwe ushahidi ataondoka mikono mitupu. Barnouw, kwa kuwa alikuwa mtu wa ndani, alijua nani aliamua kinachosikika: mara nyingi mdhamini aliyelipia kipindi, si mtunzi. Wala hakumwonea haya mdhamini huyo. Mwaka 1978 alitoa kitabu kizima cha kumchambua, na mwaka huohuo akaanza kusimamia hifadhi ya filamu na utangazaji katika Maktaba ya Bunge, Washington.