Mtaro wa Nyuma ya Mabweni: Sura Moja ya Historia ya Shule Yetu

Kila gazeti letu linapotoka, historia ya shule huandikwa kwa majina ya wakuu wa shule, vikombe vya mpira na matokeo ya mitihani. Si vibaya. Lakini ipo sura ambayo haijaandikwa bado, nayo inahusu maji ya mvua. Naileta safari hii kwa sababu kamati yetu imependekeza tuchange fedha za kujenga mfereji wa saruji, utakaoshuka moja kwa moja toka mabwenini hadi ukingo wa chini wa kiwanja, nami sikubaliani na pendekezo hilo. Wanaoliunga mkono ni rafiki zangu na nia yao ni njema. Maji yamekula msingi wa bweni la kwanza hata mawe yako nje. Hata hivyo nawaomba tusome historia kwanza, ndipo tufungue mifuko.

Shule yetu imekaa miguuni mwa Milima ya Uluguru. Milima hiyo hupita mita 2,600 kwa kimo, na pepo zitokazo baharini huifikia zikiwa zimejaa unyevu, zikaumwaga pale. Mto Ruvu, unaonywesha Dar es Salaam, huanzia huko. Kwa hiyo suala la maji yatiririkayo mtelemkoni halikuanza na shule yetu. Wazee wa Kiluguru walilijua kabla ya serikali yoyote, nao walikuwa na namna yao ya kulima kwa vijingazi vidogo, wakifukia majani na magugu ndani ya udongo ili maji yasipate njia ya kukimbilia.

Mnamo mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango mkubwa wa matumizi bora ya ardhi ya Uluguru. Shabaha yake, kuzuia mmomonyoko wa udongo, ilikuwa sahihi. Namna ya kuutekeleza ndiyo iliyouua. Wananchi waliamriwa kuchimba matuta mapana ya ngazi katika miteremko mikali, na asiyechimba alitozwa faini. Lakini udongo mzuri wa milima ile ni tabaka jembamba. Ukikata ngazi pana, unaleta juu udongo mwekundu usio na rutuba na kuuzika ule wenye chakula. Mtu alivunja mgongo kwa kuchimba, kisha akavuna pungufu ya alivyovuna mwaka uliopita. Pengine maji yaliyosimama juu ya ngazi yaliloweka kilima hata kikaporomoka.

Watu walikataa. Julai 1955, TANU ikiwa na umri wa mwaka mmoja tu, kulizuka ghasia huko Matombo. Polisi walifyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mpango ukaachwa mwaka huohuo, na sehemu nyingi matuta yakarudi kuwa mteremko. Ila kule Mgeta, ambako wakulima walikuwa na maji ya kumwagilia na mboga za kuuza, ngazi zilidumu. Hapo pana jambo la kufikiri: ngazi ni ileile, milima ni ileile, lakini mmoja aliiona faida yake na mwingine aliona faini tu.

Miaka kumi na mitano baadaye milima yenyewe ilitoa somo. Tarehe 23 Februari 1970, katika eneo la Mgeta, ilinyesha mvua ya takribani milimita 100 kwa muda usiozidi saa tatu. Wataalamu waliofika kuchunguza walihesabu maporomoko zaidi ya 1,000. Karibu yote yalitokea katika mashamba na nyanda za majani. Chini ya misitu yalikuwa machache mno.

Mimi niliingia kidato cha kwanza mwaka 1974, na mwalimu wetu wa Kilimo alikuwa akiitumia mvua hiyo kama kitabu. Alitupeleka nyuma ya bweni na kutupa hesabu. Bweni lina urefu wa mita 30 na upana wa mita 10. Ikinyesha milimita 100, paa hilo moja linamwaga lita ngapi? Jibu ni lita 30,000, yaani madebe ya lita 20 yapatayo 1,500, kutoka paa moja, kabla hujahesabu uwanja wa gwaride ambao miguu yetu ilikuwa imeupiga mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Tulinyamaza. Wengi wetu tulikuwa tukidhani kwamba maji yaliyokuwa yakiingia jikoni kila masika yalitoka mlimani. Kumbe sehemu kubwa tulikuwa tukiyatengeneza wenyewe.

Zilikuwa siku za Elimu ya Kujitegemea, basi majembe hayakuwa mbali. Tulichonga fremu A kwa miti mitatu, tukaning'iniza jiwe kwa uzi, na kwa chombo hicho tukapima mistari inayofuata usawa wa ardhi. Tulichimba mitaro mitatu kukingama mteremko. Udongo tuliutupa upande wa juu, mtindo ambao wenzetu wa Machakos nchini Kenya waliufanyia kazi kubwa hata ukajulikana duniani kwa jina la Kiswahili, fanya juu. Kingo tukazipanda mabingobingo. Mtaro wa juu kabisa, ule wa nyuma ya mabweni, ulipewa mwinamo mdogo sana, sentimita 50 kwa kila mita 100, ili yale yasiyozama ardhini yatembee polepole kuelekea migombani badala ya kukimbia. Wadogo zetu mnaosoma sasa, kama mmewahi kujiuliza kwa nini migomba ya pale jikoni haikauki hata kiangazi, sababu ni hiyo.

Baadaye kazi ilinipeleka Mbinga, nami nikaona jambo lilelile limefanywa kwa ustadi unaopita wetu mara kumi. Wamatengo walibanwa milimani na vita vya Wangoni katika karne ya 19, wakalazimika kulisha watu wengi juu ya miteremko mikali. Walibuni ngoro. Hufyeka majani, huyalaza kwa mistari inayokatana kama vyumba vya dama, kisha huchimba katikati ya kila chumba na kuufunika udongo juu ya majani. Kilima kizima kinakuwa vishimo. Mvua ikinyesha, kila kishimo kinashika maji yake na tope lake, hakuna tone linalopata nafasi ya kukutana na mwenzake likawa mto. Maharage hupandwa kwanza, mahindi hufuata. Sijaona bwana shamba aliyebuni kitu bora kuliko hicho, na nimefanya kazi na wengi.

Sasa nirudi kwenye kiwanja chetu. Mitaro yetu haikufa kwa mafuriko. Ilikufa kidogo kidogo: mabingobingo yalikatwa kulisha ng'ombe na hayakupandwa tena, tope likajaa bila kuzolewa, na mtaro wa kati ukafukiwa ili kupata njia ya magari. Majengo yakaongezeka pamoja na mapaa yake. Leo maji yote yanakusanyika penye bweni la kwanza na kushuka kwa pupa.

Mfereji wa saruji utaliokoa bweni, hilo sikatai. Lakini saruji ni laini na mfereji umenyooka, kwa hiyo maji yatafika chini yakiwa na mbio kuliko yalivyo sasa. Na chini ya uzio wetu kuna nini? Miaka yetu kulikuwa na mashamba ya mihogo. Sasa kuna nyumba za watu, na tayari korongo limeanza kwenye kona ya uzio na kuingia katika uwanja wa jirani mmoja, mama mwenye watoto watatu katika shule ya msingi. Nilisimama hapo Aprili iliyopita. Kutoka mdomo wa korongo hadi ukuta wa jiko lake ni hatua kumi na moja.

Pendekezo langu kwa mkutano ni hili. Fedha za saruji zitumike kwanza kufunga mifereji ya bati kwenye mapaa na kununua matangi, kwa kuwa shule hununua maji kila kiangazi. Mitaro mitatu ifufuliwe, na ule wa kati upitishwe kwa kalavati chini ya njia ya magari. Saruji ibaki kwa kinga fupi penye msingi wa bweni tu. Kazi ya jembe tuifanye pamoja na wanafunzi siku ya muungano, kabla ya chakula, si baada yake. Mstari wa mtaro wa juu bado unaonekana: simama mlango wa nyuma wa bweni la tatu mara baada ya mvua, utaona utepe wa majani mabichi kuliko mengine ukielekea migombani.