Ishirini na Nne katika Ilimu ya Mirathi

Katika hesabu zote walizozishughulikia wanazuoni wa faraidhi, tangu Madina na Kufa hata darsa za Lamu na Unguja ambako Minhaji ya Imamu Nawawi ilisomwa kizazi baada ya kizazi, hapana inayonistaajabisha kuliko 24, kwa kuwa hakuna aliyeichagua kwa uzuri wake, bali ililazimu yenyewe.

Mafungu yaliyotajwa katika Suratun-Nisaa ni sita: nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Mwenye kugawa mirathi hutafuta kwanza hesabu ndogo kabisa itakayotoa mafungu ya warithi waliopo pasipo kukatika, nayo huitwa asili ya mas'ala. Na asili mashuhuri ni saba tu, yaani 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24. Hiyo ya mwisho hutokea thumni inapokutana na sudusi au na theluthi mbili, kwani chini ya 24 hapana hesabu inayogawika kwa 8 na kwa 3 pia. Na kwa vile thumni ni haki ya mke peke yake, tena mke ambaye mumewe ameacha mtoto, au mjukuu kwa mwanawe wa kiume, basi kila penye 24 pana mjane, na mjuzi humtambua katika tarakimu kabla hajatajiwa jina la marehemu.

Lakini mafungu huweza kuizidi mali. Zama za Sayyidna Umar alikufa mwanamke akaacha mume na dada wawili, nusu na theluthi mbili, ambazo katika 6 ni 3 na 4. Naye Khalifa, baada ya kushauriana na masahaba, akaipandisha asili hata 7, ili upungufu uwaenee wote kwa kadiri ya haki zao. Ndiyo auli, ambayo Ibn Abbas aliikataa baadaye. Kwa jamhuri ya wanazuoni, 6 hupanda hata 7, 8, 9 au 10, na 12 hata 13, 15 au 17. Ama 24 haina ila daraja moja, nayo ni 27.

Husimuliwa kwamba Sayyidna Ali alikuwa juu ya mimbari alipoulizwa habari za mtu aliyeacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Akajibu papo hapo kwamba thumni ya mke imekuwa tusui. Mke ana 3, mabinti 16, wazazi 4 kwa 4, jumla 27. Mali ikiwa shilingi 2,700, mke hupata 300 badala ya 337 na senti 50, kila binti 800, kila mzazi 400. Na kila mmoja wao amepungukiwa na tusui ya haki yake, pasipo kupendelewa yeyote.

Haja hii haikuwa ndogo katika kukua kwa hisabati, maana al-Khwarizmi, alipotunga kitabu chake cha aljebra Baghdad katika enzi ya al-Ma'mun (813–833), sehemu kubwa aliiweka kwa wasia na mirathi. Na Misri, ambako fadani moja ya shamba ni kirati 24, aliyeacha mke, mama na mwana mmoja wa kiume hugawiwa fadani yake bila kuvunja kirati hata moja: mke 3, mama 4, na mwana 17 zilizobaki.