Msimu wa Fomu: Kodi, Mikopo ya Elimu ya Juu na Mzigo wa Kuthibitisha Uhitaji kwa Wazazi wa Mwanza na Kandokando ya Ziwa Victoria

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna wazazi wenye kipato kisicho rasmi mkoani Mwanza wanavyokabiliana na fomu za maombi ya mkopo wa elimu ya juu katika kipindi kilekile wanachodaiwa awamu za kodi ya mapato. Hoja kuu ni kwamba serikali huiuliza kaya moja swali lilelile mara mbili, kupitia taasisi mbili zisizosikilizana. Jibu linaloaminika kwenye kodi haliaminiki kwenye mkopo, na gharama ya pengo hilo hulipwa na mzazi. Makala inapendekeza kazi ya kuthibitisha uhitaji ihamie kwa taasisi ambazo tayari zina taarifa, na msaada wa kujaza fomu ufikishwe kwenye mtaa, kijiji na mwalo wa wavuvi.

Utangulizi

Tarehe 30 Juni ni siku ya mwisho ya kulipa awamu ya pili ya kodi ya mapato kwa mfanyabiashara mdogo aliyekadiriwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Awamu nyingine huangukia mwisho wa Machi, Septemba na Desemba. Katika miaka ya karibuni, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) imekuwa ikifungua dirisha la maombi kati ya Juni na Julai. Dirisha hilo hubaki wazi hadi Agosti, na pengine zaidi muda unapoongezwa. Kwa mchuuzi wa dagaa wa Kirumba mwenye mtoto aliyemaliza kidato cha sita, shughuli hizo mbili ni msimu mmoja: mfuko ni uleule na siku za kuacha biashara ni zilezile.

Mwombaji mwenyewe mara nyingi hayupo nyumbani. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, na tangu mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria yaliporejeshwa mwaka 2013, vijana wengi huitwa kambini mara tu baada ya mtihani. Anayezunguka na bahasha ya vyeti, kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa hadi kwa wakili na kutoka kwa wakili hadi steshenari, ni mama, baba, shangazi au mlezi. Fomu ina jina la mwanafunzi, lakini kazi yake hufanywa na mzazi. Mijadala yetu kuhusu mikopo huhesabu wanafunzi waliopata na waliokosa. Kazi hii ya wazazi haihesabiwi kabisa, ingawa ndiyo inayoamua nani afike kwenye hesabu hiyo.

Kutoka Azimio la Musoma hadi Bodi ya Mikopo

Kanda ya Ziwa ina nafasi ya pekee katika historia hii. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha azimio lililobadilisha njia ya kuingia chuo kikuu. Aliyemaliza shule alitakiwa kwanza afanye kazi, kisha apate mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Wakati huo serikali ndiyo iliyogharimia masomo. Barua zilizohitajika zilihusu mwenendo na utumishi wa kijana. Uwezo wa wazazi wake haukuwa sehemu ya swali.

Sera ya kuchangia gharama ilipoingia miaka ya 1990, swali liligeuka. Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 iliunda HESLB, ambayo ilianza kazi Julai 2005. Kuanzia hapo, kaya ilitakiwa ithibitishe kiasi ilichopungukiwa. Fomu zilizokuwa zikitumwa kwa EMS kupitia Posta sasa hupakiwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Bodi. Teknolojia imepunguza safari ya bahasha kwenda Dar es Salaam, lakini safari za kuijaza bahasha hiyo zimebaki palepale.

Njia ya cheti kimoja

Ada ya maombi ni shilingi 30,000, na hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Ada hiyo ndiyo gharama nyepesi kuliko zote. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Aliyefiwa na mzazi anahitaji cheti cha kifo kilichohakikiwa vilevile. Kaya iliyo katika mpango wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) hutoa namba yake. Mdhamini huleta kitambulisho na picha. Kurasa za fomu husainiwa na kiongozi wa mtaa au kijiji, kisha na wakili, hakimu au kamishna wa viapo, ndipo ziskaniwe na kurudishwa mtandaoni.

Tuufuate ugumu huu hadi kisiwani. Usajili wa vizazi na vifo katika wilaya hufanyika kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya, na kwa Ukerewe ofisi hiyo ipo Nansio. Mzazi wa kisiwa cha Ukara huvuka kutoka Bwisya hadi Bugorora, kisha husafiri kwa barabara kwenda Nansio. Jambo likihitaji kwenda jijini, hupanda meli tena. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limewapa watu wa Sengerema nafuu kubwa. Visiwani ratiba ya siku bado inaamuliwa na kivuko. Herufi moja iliyokosewa katika jina, likiandikwa hivi kwenye cheti cha ubatizo na vile kwenye cheti cha kidato cha nne, hudai hati ya kiapo na safari nyingine.

Kuna pia kaya ambayo karatasi hizi haziwezi kuieleza. Uvuvi wa ziwani ni kazi ya kuhama: mvuvi hufuata samaki kutoka mwalo hadi mwalo, na wapo wanaoondoka wasirudi. Kwa aliyefariki kuna cheti. Kwa baba aliyeondoka miaka kumi iliyopita, ambaye yungali hai mahali pasipojulikana, hakuna msajili anayeweza kuandika lolote. Mama aliyebeba ada za shule peke yake huonekana katika karatasi kama mwenye mwenza, na mtoto wake huonekana kuwa na wazazi wawili. Uhitaji wake unaweza kulingana na wa yatima, ila hauna muhuri.

Kipato kinachofuata giza

Ugumu mkubwa zaidi ni wa kipimo chenyewe. Uvuvi wa dagaa katika Ziwa Victoria hutegemea taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hupumzika na biashara ya mwalo hupungua. Mwanamke anayenunua dagaa wabichi, kuwaanika na kuwauza kwa gunia hana mshahara wa mwezi. Ana giza zuri na giza baya, ana msimu wa mvua unaoozesha dagaa kwenye vichanja, na ana mkopo wa kikundi unaozungushwa katikati ya hayo yote. Akiulizwa anapata kiasi gani kwa mwezi, jibu lake la kweli ni maelezo marefu. Fomu inataka tarakimu.

Mwalimu au muuguzi mwenye kipato kidogo kama hicho hana shida hiyo. Kodi yake hukatwa na mwajiri bila yeye kujaza chochote, na hati ya mshahara ni ushahidi tosha. Hapa ndipo tofauti ya kitabaka inapojificha: mwenye ajira huthibitishwa na mwajiri wake, asiye na ajira hujithibitisha mwenyewe.

Mchuuzi wa dagaa, hata hivyo, si mgeni kwa serikali. Sheria ya kodi ya mapato haimtozi mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Kiwango hichohicho ndicho kilichotumika Desemba 2018, Rais John Magufuli alipotoa vitambulisho vya wajasiriamali kwa shilingi 20,000. Katika jedwali lililowekwa na Sheria ya Fedha ya 2022, mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 asiyetunza kumbukumbu hulipa shilingi 100,000. Anayetunza kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4. Mwenye mauzo ya milioni 5, basi, hulipa 100,000 bila daftari na 30,000 akiwa na daftari. Tofauti ya shilingi 70,000 inatosha kulipia ada ya maombi ya mkopo ya watoto wawili na chenji ikabaki.

Hesabu hiyo inaonyesha mambo mawili. Kwanza, kukosa kumbukumbu humwadhibu mzazi mara mbili: hulipa kodi kubwa zaidi na hukosa ushahidi wa udogo wa kipato chake. Pili, serikali imekwishaamua kisheria kwamba kaya fulani ina kipato kidogo mno kisichofaa kutozwa kodi. Uamuzi huo wa chombo kimoja cha dola haumsaidii mzazi anapofika kwenye chombo kingine. Vigezo vikuu vya uhitaji hubaki uyatima, ulemavu, kuwamo katika TASAF na ufadhili wa masomo ya sekondari, na kaya ya mchuuzi yenye wazazi wote wawili na afya zao huangukia nje ya vigezo hivyo hata ikiwa hoi.

Nafuu ilikoelekea

Mei Mosi 2021, kitaifa, iliadhimishwa Mwanza. Katika hotuba yake, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza nafuu mbili zinazohusu mada yetu: kupunguzwa kwa kiwango cha chini cha kodi ya mishahara kutoka asilimia 9 hadi 8, na kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mikopo ya elimu ya juu. Hatua zote mbili zilikuwa za haki. Wahitimu walikuwa wakikatwa asilimia 15 ya mshahara huku deni likikua.

Lakini tuangalie zilimfikia nani. Ya kwanza ilimfikia mwenye mshahara, na ya pili ilimfikia aliyekwisha kupata mkopo na kuhitimu. Mchuuzi wa soko la Mwaloni, umbali mfupi kutoka Uwanja wa CCM Kirumba hotuba hiyo ilipotolewa, hakuguswa na lolote kati ya hayo mawili. Nafuu ya sera zetu imewekwa mlango wa kutokea, ilhali wengi wanakwama mlango wa kuingilia. Sababu ni kwamba wadaiwa na wafanyakazi wana vyama, takwimu na sauti, na mzazi aliyekata tamaa kwenye foleni ya steshenari hahesabiwi popote.

Ushahidi kutoka kwingine

Je, ugumu wa fomu huathiri kweli nani anasoma? Utafiti wa Eric Bettinger, Bridget Terry Long, Philip Oreopoulos na Lisa Sanbonmatsu, uliochapishwa mwaka 2012, unatoa jibu thabiti. Mwaka 2008, huko Ohio na Charlotte nchini Marekani, familia za kipato cha chini zilizokwenda ofisi za kampuni ya H&R Block kuandaliwa ritani za kodi zilisaidiwa hapohapo kujaza fomu ya msaada wa masomo kwa kutumia taarifa zilezile za kodi. Miongoni mwa vijana waliokuwa wakimaliza sekondari, waliokamilisha miaka miwili ya chuo walipanda kutoka asilimia 28 hadi 36. Kundi jingine lilipewa taarifa tu kuhusu msaada ambao lingestahili, bila kusaidiwa kujaza. Halikuonyesha mabadiliko.

Matokeo hayo yanapaswa kutusumbua, kwa kuwa mwitikio wetu wa kawaida ni kutoa taarifa: matangazo ya redio, mabango, semina, miongozo ya kurasa nyingi. Mzazi wa Igombe au Nansio anajua kuwa mkopo upo. Anachokosa ni mkono wa kumsaidia kukamilisha maombi.

Kenya, upande wa pili wa ziwa hilihili, inatoa funzo la tahadhari. Mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo vikuu ulioanza mwaka 2023 ulizipanga kaya katika makundi kwa chombo cha kupima uwezo. Mwaka 2024 wanafunzi na wazazi walilalamika vikali kwamba wamewekwa katika makundi yasiyolingana na hali zao, na suala likafika Mahakama Kuu. Mashine ikimpima mwananchi kwa taarifa asizoziona wala kuzikosoa, imani huvunjika hata pale hesabu inapokuwa sahihi.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza linasema vielelezo vikali huzuia udanganyifu, na fedha za mikopo, ingawa ni mamia ya mabilioni kila mwaka, haziwatoshi wote. Hoja hii ina uzito. Ila tujiulize ni nani anayezuiwa na karatasi nyingi. Mwenye uwezo ana gari, ana wakili anayemfahamu na ana muda, karatasi hazimshindi. Anayeshindwa ni yule hasa aliyekusudiwa. Taarifa zinazotoka moja kwa moja kwenye taasisi ni ngumu zaidi kughushi kuliko muhuri wa mtaa.

Pingamizi la pili ni hofu. Mfanyabiashara mdogo akisikia kuwa TRA na Bodi wanasomana, anaweza kudhani kwamba kuomba mkopo ni kujipeleka kwa mkadiriaji, au kwamba kuwa na namba ya mlipakodi (TIN) kutasomwa kama utajiri. Hofu hii ni ya haki na haiondolewi kwa ahadi za mdomo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatoa msingi wa kuwekeana mipaka: taarifa za kodi zitumike kwa ridhaa ya mzazi, kwa ajili ya kupima uhitaji tu, na kamwe zisirudi kuwa sababu ya kumkadiria upya.

Hitimisho

Mambo matatu yanafuata. Kwanza, makadirio ya TRA ya mzazi anayeridhia, au hadhi yake ya kutostahili kutozwa, yahesabiwe kuwa kielelezo cha uhitaji. Mfumo wa Bodi tayari hutumia namba ya mtihani wa kidato cha nne na uhakiki wa RITA, kwa hiyo hatua hii si ndoto. Pili, ofisi za kata na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi kwenye mialo vipewe mafunzo na vifaa vya kumalizia maombi hapohapo, pamoja na daftari rahisi la mauzo linalofaa kwa kodi na kwa mkopo. Wanafunzi wa sheria, uhasibu na elimu wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kilichopo Nyegezi wanaweza kuwa nguvu kazi ya kwanza. Tatu, kaya inayolelewa na mzazi mmoja bila cheti cha kifo itambuliwe rasmi kwa ushahidi wa kijiji, na mwombaji aonyeshwe alivyopimwa na apewe nafasi ya kukata rufaa kwa lugha anayoielewa.

Mkopo wa elimu ya juu uliundwa ili kukosa fedha kusimnyime kijana chuo. Leo kati yake na kijana huyo kuna sharti jingine lisiloandikwa katika sheria yoyote: awe na mzazi anayeweza kuacha biashara, kulipa nauli na kukimbizana na mihuri. Sharti hilo halipimi akili ya mtoto wala uhitaji wa kaya, na serikali inayo taarifa za kutosha kuanza kuliondoa.