Baba si baba kila mahali

Mswahili akisikia "baba", anamwona mwanamume. Mturuki vilevile, na Myoruba wa Nigeria pia. Lakini ukifika Bulgaria, baba ni bibi, yule anayelea wajukuu. Na Baba Yaga, mchawi wa hadithi za Warusi anayekaa katika kibanda chenye miguu ya kuku, ni ajuza. Wageorgia ndio wametia fora: kwao baba mzazi ni mama, na mama mzazi ni deda!

Wapo wanaodhani kufanana huku ni ushahidi wa ukopaji. Sikubaliani nao. Mwanaisimu Roman Jakobson alilieleza jambo hili mwaka 1960: b, p na m hutamkwa kwa kufumba midomo tu, hivyo ni miongoni mwa sauti za kwanza za mtoto. Mtoto hubwabwaja, wazazi ndio hujigawia majina. Sisi tumezidisha, maana mama wa Kiswahili humwita hata mwanawe mdogo "baba", naye huitika. Basi akikuambia mtu kwamba neno hili tumelichukua Uturuki, mwambie alete ushahidi mwingine.